Maneno ya Mlangoni pa Choo

Mimi huandika polepole. Nilikuwa hivyo tangu darasa la tatu, mwalimu alipokuwa akifuta ubao nami bado niko mstari wa pili, na nilipomaliza la saba nilikuwa vilevile. Kwa hiyo niliposema nimepata kazi ya kuandika, shangazi yangu niliyekaa kwake Magomeni aliweka mwiko chini, akaniuliza mara mbili, "Kuandika? Wewe?"

Ofisi yetu ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza masufuria na birika. Ukipanda ngazi ulisikia masufuria yakigongana chini yako. Tulikuwa watatu: mama mmoja mwalimu mstaafu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, kijana wa kidato cha nne aliyejua kupiga taipu, na mimi. Tuliitwa wasaidizi wa sheria. Hatukuwa mawakili na hatukuruhusiwa kusema mbele ya baraza la nyumba. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza mpangaji, kuandika maelezo yake kwa mkono, kumsomea, kumwekesha dole gumba, kisha kuyapeleka kwa karani wa baraza yapigwe muhuri. Kijana wa taipu alikuwa akipita nyuma ya kiti changu na kuniambia, "Dada, unaandika au unatarizi?" Sikumjibu. Wakati ule sikuwa najibu watu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, Kariakoo imejaa marobota ya mitumba na redio za kutoka Dubai, na kila mwenye nyumba alikuwa amegundua kuwa chumba kinaweza kuwa stoo. Ghafla wapangaji wa miaka mingi wakaanza kuwa na kasoro. Huyu ana watoto wengi. Huyu hana mume. Huyu watu wa kwao ni wachawi. Sheria ilisema mpangaji hatolewi bila amri ya baraza, na baraza lilitaka sababu ya kweli. Mwalimu alikuwa akituambia kuwa kila barua ya kumfukuza mpangaji ina sababu mbili, ya kuandikwa na ya kusemwa, na kwamba sisi tulilipwa nauli ili tuitafute ile ya kusemwa.

Mama muuza uji alikuja siku ambayo Mwalimu alikuwa amesafiri kwenda msibani. Alinukia tangawizi. Alikuwa na meza yake ya uji karibu na soko, upande wa mtaa wa Msimbazi, na wateja wake walikuwa makuli wa sokoni. Chumba chake kilikuwa mtaa wa nyuma, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, na choo kimoja uani. Alikaa humo miaka tisa. Mumewe alifia humo, mwaka mmoja kabla, baada ya kukohoa kwa muda mrefu.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwandishi?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Akakaa, akaiangalia kalamu yangu, akaanza.

Miezi michache nyuma alitokwa na mkanda wa jeshi, vile vipele vinavyozunguka ubavu mmoja kama mshipi. Vilipona vikaacha alama nyeusi. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyeirithi nyumba kwa baba yake, aliziona alama hizo siku mama muuza uji alipokuwa akianika nguo uani na kanga ikamteleza. Wiki hiyohiyo kufuli likawekwa kwenye mlango wa choo. Funguo zikachongwa na kugawiwa kila chumba. Chumba chake hakikupata.

"Nikamfuata," alisema. "Ijumaa asubuhi, nikamkuta palepale mlangoni pa choo. Nikamwambia, dada, mimi na wanangu wawili twende wapi?"

"Akasemaje?"

Mama muuza uji alitazama dirishani. Kisha akaniambia alichoambiwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei.

Kalamu yangu ilisimama. Wakati ule watu hawakuutaja ukimwi kwa jina lake. Walisema mtu amekanyaga miwaya. Na mwenye nyumba alikuwa amesema hilo, akaongeza na neno la chooni ambalo kwetu hata ukigongwa kidole na nyundo hulisemi mbele ya mtu mzima. Shangazi yangu alinilea akisema anayelirudia tusi ndiye mtukanaji wa pili. Nikaandika: *Mwenye nyumba alimtolea maneno yasiyofaa.*

Nikaendelea. Kulikuwa na barua pia, inayosema atoke baada ya mwezi kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba anaoa na anahitaji chumba. Nikaandika na hilo. Nilipomsomea, pale kwenye maneno yasiyofaa nilipitisha kwa sauti ya chini, upesi. Yeye akasema, "Sawa mwanangu," akaweka dole gumba. Mchana wake nikayapeleka mwenyewe kwa karani, akayagonga muhuri, nikatoka nikijiona mtu. Yalikuwa maelezo yangu ya kwanza kuyapeleka bila Mwalimu kuyaona.

Mwalimu alirudi siku tatu kabla ya shauri kusikilizwa. Alisoma nakala akiwa amesimama, mkoba bado uko begani.

"Maneno yasiyofaa ni yapi?" aliniuliza.

Nilifunika kalamu yangu.

"Alimwambia mbwa? Alimwambia mchawi? Au alimwambia kodi imechelewa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa baraza litajuaje? Wapige ramli?" Akaketi. "Upande wa pili kuna harusi ya mtoto. Upande wetu kuna nini? Maneno yasiyofaa. Hayo hata mimi na marehemu mume wangu tulikuwa nayo kila Jumapili."

Kijana wa taipu alicheka, akaacha alipouona uso wangu. Nilimsogelea Mwalimu nikamnong'oneza yale maneno sikioni. Alifumba macho kidogo.

"Hii ndiyo kesi yenyewe, mwanangu," alisema. "Umeiacha nje."

Tulienda kwa karani jioni hiyo. Karani alitikisa kichwa kabla hatujamaliza. Maelezo yakishapigwa muhuri hayaongezwi. Kama kuna lililosahaulika, mpangaji ataliambia baraza kwa mdomo wake. Tukaenda kwa fundi cherehani aliyeshonea kibarazani pa nyumba ileile, kwa sababu siku ile alikuwepo. Alituheshimu sana, akatupisha kwenye benchi, akasema cherehani chake kina kelele. Mwalimu alimwambia, "Fundi, siku ile ulikuwa unapiga pasi, nimeulizia." Fundi akasema pasi nayo ina mambo yake. Alikuwa amekaa pale kwa hisani ya mwenye nyumba, bila kulipa kitu. Hatukumlaumu.

Akabaki mwenyewe mama muuza uji. Tulimkuta mezani pake asubuhi, makuli wamechuchumaa pembeni na vikombe vyao, wakitaniana kuhusu nani alibeba robota akaanguka nalo. Alitusogeza kando, nyuma ya sufuria kubwa, tukaongea kwa sauti ya chini. Mwalimu alimweleza. Hakunitaja mimi. Alisema tu kwamba maelezo yamepungukiwa na maneno yale, kwa hiyo itabidi ayaseme mwenyewe barazani.

"Siwezi," alisema.

"Utayasema mara moja tu."

"Mwalimu, lile baraza lina mabenchi. Wanaosubiri kesi zao ni watu wa hapahapa. Nikisimama nikasema kwa mdomo wangu kwamba nimeambiwa nimekanyaga miwaya, watakumbuka nani alisema na nani aliambiwa? Watakumbuka miwaya." Alifunika sufuria. "Kesho hapa hapana hata nzi."

"Usiposema, chumba hakipo."

"Uji ndio unaolipa chumba."

Kuli mmoja aliita, "Mama, ongeza tangawizi, huu wa leo wa wagonjwa," wenzake wakacheka, naye akaenda kumwongezea akitabasamu. Mimi ndiye niliyemfikisha pale. Kama ningeyaandika siku ile, wenye baraza wangeyasoma kimya kwenye faili lao, na mtu wa kwenye benchi asingesikia chochote.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Mwalimu kuwa kosa ni langu na kwamba nitaacha kazi. Tulikuwa tunavuka kati ya mikokoteni.

"Ukiacha utampunguzia nini yule mama?" alisema. "Keshokutwa uje na kalamu."

Siku ya baraza tulifika saa mbili. Kilikuwa chumba kirefu chenye feni isiyozunguka. Mbele kulikuwa na meza ya mwenyekiti, mzee mwembamba mwenye kikohozi kikavu, pamoja na wazee wawili wa baraza, na karani pembeni. Nyuma kulikuwa na mabenchi, na kama alivyosema mama muuza uji, yalijaa watu wa mitaa yetu. Mwenye nyumba alikuwa ameketi benchi la mbele na kanga mpya. Aliponiona nimebeba faili alimgeukia mama muuza uji.

"Huyu ndiye mtetezi wako? Ungetafuta aliyemaliza kukua."

Watu wawili watatu waliguna. Mama muuza uji aliangalia miguu yake.

Mwenye nyumba alianza. Alisema vizuri, bila kubabaika. Nyumba ni ya baba yake, mtoto wake anataka kuoa, chumba kinahitajika, amempa mpangaji mwezi mzima. Choo? Kufuli ni la usalama, wapita njia wamezidi. Ufunguo wa chumba kile ulipotea tu, atachonga mwingine, lakini kwa mtu anayetoka kuna haja gani?

Mwenyekiti akasoma maelezo yetu. Niliuona ukucha wake ukishuka ukurasa, nikajua utasimama wapi. Ukasimama.

"Hapa pameandikwa maneno yasiyofaa. Mama, uliambiwa nini?"

Mama muuza uji alisimama. Alifungua mdomo. Nyuma yetu benchi lililia, kama watu wanaposogea mbele kusikia vizuri.

"Aliniambia vibaya," alisema.

"Vibaya vipi?"

"Vibaya tu, mheshimiwa."

Mwenye nyumba alitoa pumzi puani. "Si mnaona? Hakuna kitu."

Mwenyekiti alikunja uso. "Nani aliandika haya?"

Mwalimu alinigusa mgongoni. Nilisimama. Karani aliniapisha, nikarudia nyuma yake kwa sauti ndogo hata ikabidi aombe nirudie.

"Wewe uliyasikia maneno yenyewe kwa mpangaji?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo."

"Yataje."

Nilimtazama mama muuza uji. Alitikisa kichwa kukataa, kidogo sana, mtu wa nyuma asingeona. Mbele yangu mwenyekiti anasubiri, nyuma yangu mabenchi yanasubiri, na hata kama angenikubalia, sauti yangu haikuwepo. Ilikuwa imeshuka mahali ambapo hushuka siku zote. Nikajua kuwa nikikaa chini sasa, chumba kimekwenda.

"Mheshimiwa," nilisema, "naomba niandike."

"Huwezi kusema?"

"Naweza kuandika."

Mmoja wa wazee wa baraza alimwinamia mwenyekiti wakanong'onezana. Karani alisema hajawahi kuona. Mwenyekiti alikohoa, akasukuma karatasi tupu kwenye ukingo wa meza.

Niliinama, nikaandika. Nimesema naandika polepole. Siku ile niliandika polepole kuliko siku zote. Kwanza mahali: *mlangoni pa choo*. Kisha siku. Kisha maneno, kama yalivyosemwa, kila moja. *Mumeo kafa kwa miwaya na wewe umeshaikanyaga. Usituletee mdudu wako humu, kanyee kwenu.* Neno lile la karibu na mwisho lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Nyuma mtu alisema, "Anaandika wasia?" Mwingine akasema, "Mwache, huenda anatutaja sote." Kicheko kikapita, kikaisha, na mimi bado nilikuwa naandika. Jasho lilidondoka kwenye karatasi, nikalifuta kwa ukingo wa kiganja ili lisichafue wino. Nilipomaliza niliisoma tena neno kwa neno kwa macho, nikampa mwenyekiti.

Aliisoma. Akawapa wazee, mmoja baada ya mwingine. Wa pili alivua kofia, akaivaa tena. Kisha karatasi ikapelekwa kwa mwenye nyumba.

"Haya ni maneno yako?"

Aliishika mbali na uso. "Miwani nimeiacha nyumbani," alisema. "Isomwe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama muuza uji alijishika kanga kifuani kwa mikono miwili.

Mwenyekiti aliichukua karatasi. Alimtazama mwenye nyumba. "Hapa pameandikwa maneno yaliyosemwa mlangoni pa choo, Ijumaa asubuhi," alisema. "Nikiyasoma, hawa wote watayasikia, na watasikia kuwa yalitoka kinywani mwako. Kuna neno moja humu mimi na umri wangu sijalitamka tangu niwe mtu mzima. Nisome?"

Mwenye nyumba aligeuka. Kwenye benchi la tatu walikuwapo wanawake wawili niliowahi kuwaona wakicheza naye upatu kibarazani kwake. Walikuwa wameinua shingo. Alirudisha uso mbele, akakaa hivyo, akizungusha pindo la kanga yake mpya kidoleni.

"Yasisomwe," alisema.

"Uliyasema?"

"Nilisema." Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Nina wajukuu mle ndani, mheshimiwa. Wanaenda choo hichohicho. Mimi ningefanyaje?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemchukia kwa wiki nzima, na hapo nilimwona ni mama aliyeogopa. Lakini Mwalimu aliniambia baadaye kuwa kuogopa kwake kuliwanyima watu watatu choo, na hilo nalo ni kweli.

"Na mwanao anaoa lini?" mwenyekiti aliuliza.

"Bado anatafuta mchumba."

Hapo mabenchi yalicheka. Baraza likatoka nje, likarudi. Mpangaji abaki chumbani kwake. Ufunguo wa choo akabidhiwe ndani ya siku saba, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na msaidizi wa sheria, ambaye ataandika kuwa umekabidhiwa.

Kesho yake nilipita kwa makusudi upande wa Msimbazi. Makuli walikuwa wamechuchumaa mahali pao. Mama muuza uji alinijazia kikombe, akakataa hela yangu, hakusema neno kuhusu baraza. Mkanda ule wa jeshi ulitokana na nini sikuwahi kumuuliza, na hadi leo sijui. Nyumba ile haipo sasa, pamesimama ghorofa la maduka. Aliishi pale hadi siku ilipobomolewa, akatoka pamoja na wenzake wote, si peke yake.

Siku ya saba tulienda kuchukua ufunguo. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja amevaa kanzu, ana haraka. Tukasimama ukumbini, mlango wa uani uko wazi mbele yetu, kufuli linaonekana. Fundi cherehani alikuwa ameacha kushona. Mwenye nyumba alitoka chumbani mwake, ufunguo uko kwenye kipande cha gazeti. Hakumpa mama muuza uji mkononi. Aliuweka kwenye kizingiti cha dirisha, gazeti na vyote, akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya," alisema. "Chukua."

Mama muuza uji alienda dirishani, akauchukua.

"Basi," alisema mjumbe. "Andika, binti, tuweke sahihi tuondoke."

Niliweka karatasi juu ya faili, nikaandika nikiwa nimesimama. Walinisubiri. Mjumbe aliangalia saa yake mara mbili. Nilipomaliza nilisoma, na safari hii sikushusha sauti mahali popote.

"Mwenye nyumba aliuweka ufunguo dirishani ukiwa ndani ya gazeti, akarudi nyuma. Mpangaji akauokota mwenyewe."

Mjumbe aliacha kuangalia saa.

"Futa hilo," alisema mwenye nyumba.

"Lipi, mama?"

"La gazeti. La dirisha. Andika amekabidhiwa."

Niliogopa. Nilikuwa mdogo kuliko wote waliokuwa mle, na yeye alikuwa kwake. "Nikiandika amekabidhiwa," nilisema, "nitakuwa nimeacha kitu nje."

Mjumbe alianza kusema kuwa haina neno, kisha akanyamaza. Mwenye nyumba alinitazama, akaitazama karatasi ambayo hakuweza kuisoma, ambayo ingepelekwa kwa yule mzee mwenye kikohozi. Alimwendea mama muuza uji.

"Nipe," alisema.

Mama muuza uji alimpa. Mwenye nyumba alilitoa lile gazeti, akalikunja, akalitia kwenye mkunjo wa kanga yake. Akabaki na ufunguo mtupu. Alisimama nao hivyo kidogo, kisha akauweka katika kiganja cha mwenzake, na vidole vyao vikagusana.

Nikachukua karatasi nyingine. Mjumbe alishusha pumzi, akatafuta pa kukaa.